Tumeendesha kilomita 58, tunalazimishwa tuandike 75

Assalaam alaykum jamani. Nimekaa na hili wiki nzima nikidhani hasira zitashuka. Zimezidi.

Jumapili iliyopita mie na shoga yangu tulikuwa Pemba kwenye ile safari ya baiskeli ya kuchangia madawati, Mkoani kule kusini mpaka mnara wa taa ya meli wa Kigomasha, kaskazini kabisa. Waandaaji siwataji, waliokuwepo wanawajua. Skuli nayo siitaji, watoto hawana kosa.

Kiingilio shilingi 40,000 kila mtu. Juu yake tukapewa kadi ya michango: unapita kwa watu wako, kila mmoja anaandika atatoa kiasi gani kwa kila kilomita utakayoendesha, anatia saini. Ami yangu kaandika 1,000. Muuza samaki wangu wa Darajani, Mungu amzidishie, kaandika 200. Walimu wanne ninaofanya nao kazi, 500 kila mmoja. Hawa si matajiri. Wameandika kwa kuwa wananijua mie. Hao waandaaji hawawajui hata kwa sura.

Tukavuka Jumamosi, tukalala kwa mama yake mdogo shoga yangu, na saa 12 asubuhi tuko Mkoani na fulana zetu kama tulivyoamrishwa. Saa 1 hatujaondoka. Saa 2 hatujaondoka. Anangojwa mgeni rasmi. Kafika saa 2 na nusu, ikaja risala, ikaja hotuba, ikaja picha na bango, kisha ikaonekana bango limeshikwa juu chini, ikaja picha tena. Tumeondoka saa 3 na robo, jua limeshakuwa jua.

Anayeijua Pemba anaelewa nasema nini. Sie wa Unguja tumezoea barabara iliyolala. Kule ni kilima na bonde, kilima na bonde, hujamaliza kuushukuru mteremko ushateremka unasukuma baiskeli kwa mkono. Mie nilikuwa na baiskeli ya gia ya kuazima. Shoga yangu yuko juu ya Phoenix ya marehemu babu yake, haina gia hata moja, na bado alikuwa ananingoja mie kila kilimani. Watoto walipotuona wanawake wawili na mitandio yetu tunapanda, walitukimbilia pembeni wakipiga makofi mpaka juu. Hiyo nayo naiandika, maana ndiyo raha pekee niliyorudi nayo.

Sasa sikilizeni. Kufika Mtambile, gari ya waandaaji, iliyokuwa inamuwahisha mpiga picha mbele, ikapanda juu ya jamvi la karafuu la bibi mmoja aliyeanika kando ya barabara. Haikusimama. Karafuu iliyopondwa ukiipeleka kuuza inashushwa daraja, na yule bibi alikuwa kesho yake azikusanye azipeleke. Tukateremka tukamsaidia kuzichambua nzima na zilizokatika vichwa. Akazitazama fulana zetu, akauliza, "Nyinyi ndio mnaotoa sadaka?" Niambieni nyie ningemjibu nini.

Maji tuliahidiwa kila kilomita 15. Chake Chake tuliyakuta. Ole tulikuta meza. Meza tupu, na kijana kakaa nyuma yake na simu, anasema waliotangulia wamechukua mbili mbili. Mbele kidogo tairi la nyuma la shoga yangu likapata pancha. Gari iliyoandikwa ya msaada imetupita mara mbili, mara ya pili ikatupigia honi. Aliyetusaidia ni fundi wa kijijini aliyekaa chini ya mwembe: katia tyubu kwenye beseni la maji, kaliona tundu, katia kiraka, kajaza upepo. Nampa 1,000 yake, kauliza tunaenda wapi. Nilipomwambia ni kwa ajili ya madawati ya skuli hakuipokea, na akatukatia madafu mawili.

Hatujafika Konde, saa 8 kasoro, lori limesimama katikati ya njia. "Pandeni." Kwa nini? Mgeni rasmi ana ndege, lazima hafla iishe. Yaani aliyetuchelewesha asubuhi ndiye huyo huyo tunayekatishwa safari kwa ajili yake. Baiskeli zikarushwa juu kama kuni. Taa ya Phoenix, ile ya babu yake, ikavunjika pale pale. Nikaitazama simu yangu: kilomita 58.

Na Ngezi, kipande ambacho shoga yangu alikuwa akinihadithia tangu bandarini, msitu, kivuli, ubaridi, labda na wale popo wakubwa wa Pemba wasiopatikana popote pengine duniani, tumekipita tumesimama ndani ya lori. Mie nimeona mgongo wa mwanamme mwenye fulana ya kijani. Kwenye jua tumeendesha, kwenye kivuli tumebebwa.

Kigomasha tukateremshwa chini ya mnara ambao umesimama pale tangu 1900, tukavishwa medali. Imeandikwa kilomita 75. Kisha mezani kwenye kadi za michango naandika 58, kijana ananishika mkono: "Dada, andika 75, wote wameandika 75, usituharibie hesabu."

Kwa kadi yangu mie peke yangu, tafauti ya 58 na 75 ni shilingi 54,400. Yangu tu. Tulikuwa watu zaidi ya mia.

Nimeondoka na kadi yangu, shoga yangu na yake. Jumatatu nimekwenda kwa ami nikamwambia 58. Kahesabu 58,000 mkononi mwangu, kisha akasema, "Haya, mwanangu, risiti yangu?" Nimewapigia waandaaji. Risiti hakuna, ati michango ya hiari haitolewi risiti. Nikauliza jumla imefika ngapi na madawati yanafika lini. Nimeambiwa "tutatoa taarifa". Tangu juzi simu yangu haipokewi.

Sasa pesa za watu wangu, 185,600, zimo kabatini kwangu ndani ya bahasha, na jina la kila mtu na alichotoa. Wakileta risiti wanakuja kuzichukua. Wasipoleta, mie na shoga yangu tutatafuta fundi seremala na tutayapeleka madawati wenyewe, hata yakiwa mawili.

Waliokuwepo naomba waseme hapa: mmeandika ngapi, mmelipa kwa nani, kuna aliyepewa hata kikaratasi? Na yule bibi wa Mtambile, kuna anayejua kama amelipwa karafuu zake?