Majirani wa Isamilo: tawi la plumeria

Mama Kulwa: Habari za asubuhi majirani. Naomba msaada. Tawi la plumeria, ule mti wa maua yanayonukia, nililokata kwa marehemu mama kule Nyegezi limelainika chini, nikilibonyeza linatoa maji. Namwagilia kila jioni, sijakosa hata siku moja 😢

Bibi Anna: Maji ndiyo yanayoliozesha, mwanangu. Halina mizizi bado, unamnywesha nani?

Mama Kulwa: Shikamoo bibi. Nililipanda siku ileile, utomvu ukiwa bado unachuruzika.

Bibi Anna: Marahaba. Lichomoe sasa hivi. Kata kwa kisu kisafi juu ya palipooza mpaka uone ndani peupe. Lilaze kivulini, pakavu, wiki moja au mbili, kidonda kikauke kabisa. Ndipo upande.

Mzee Mashaka: Watoto wasisogee. Utomvu ule unawasha, wakipikicha macho itakuwa shida.

Dotto: Umepanda kwenye nini dada?

Mama Kulwa: Ndoo ya rangi, udongo wa kwenye mchicha.

Bibi Anna: Ina matundu?

Mama Kulwa: Haina bibi.

Bibi Anna: Itoboe. Udongo changanya nusu kwa nusu na changarawe, hii inayomomonyoka kwenye mawe yetu. Samadi isubiri. Mwagilia siku ya kupanda, kisha acha mpaka uone majani.

Dotto: Bibi, wangu majani yana unga wa rangi ya chungwa kwa chini.

Bibi Anna: Kutu hiyo, ugonjwa wa majani. Yachume uyachome. Ukimwagilia, maji yaende shinani.

Mzee Mashaka: Asili yake Mexico na visiwa vya Karibea, ukame unauweza. Wangu kiangazi unapukutika wote, niliambiwa umekufa niung'oe. Mvua za Oktoba ukarudi.

Mama Kulwa: Nimekata. Ndani peupe, ila limebaki fupi, kama shubiri.

Bibi Anna: Linaweza kushika. Lakini rudi Nyegezi ukate mengine, sentimita 30 mpaka 45, yaliyokomaa, gamba la kijivu. Mbegu usizitegemee, ua linaweza kutoka tofauti na la mama yako.

Mama Kulwa: Bibi, nyumba tumeuza. Jumatatu mwenyewe anaanza ukuta na mti uko kwenye msingi.

Bibi Anna: Basi kateni matawi yote.

Mzee Mashaka: Kesho saa 1 asubuhi niko getini kwako na guta.

Dotto: Naleta msumeno.

Bibi Anna: Moja mniletee mimi. Usiku ulikuwa unanukia mpaka barabarani.

Mama Kulwa: La kwanza lako bibi 🙏🏾