Programu ya simu yasema pua yangu imezidi, nisaidieni

Waridi_Bondeni: Salaam aleikum ndugu zangu, naombeni msinicheke. Kuna programu ya simu, waeka picha yako yakuchora mistari usoni yapima kwa ile hesabu ya 1.618, ati uso ukikaribia hapo ndo mzuri. Mimi imenipa 61 kwa 100 na pua imeizungushia duara jekundu. Nimepima tena kwa rula mbele ya kioo, harusi yaja, wallahi silali. Hesabu hii ni kweli ama?

Mzee_wa_Kahawa: Wa aleikum salaam binti. Mimi nilioa 1989 sijamuona mke sawasawa, siku ya kumfunua nkakuta ana pengo la mbele. Leo akicheka nalitafuta hilo pengo kwanza.

Kachri_Moto: 61 si umepita? mimi mtihani wa hesabu sikufika hapo 😂

Mwl_Hesabu: Hesabu hiyo ya 1.618 yatoka kwa Euclid, Mgiriki wa kale wa hesabu, naye alikuwa agawanya mstari, hakupima pua ya mtu. 1509 Pacioli, mwanahesabu wa Italia, akatoa kitabu akaiita hesabu hiyo ya kimungu, Leonardo da Vinci akamchorea maumbo, baadaye watu wakaibandika kila mahali. Hata ile barakoa ya mistari ya kupimia uso, aliyoichora daktari Marquardt wa Marekani kwa hesabu hiyo, wakosoaji wasema yafuata nyuso za Wazungu. Na picha ulijipiga mwenyewe? Watafiti Marekani 2018 walipiga hesabu, simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni pua yatokea pana kwa kama asilimia 30 kuliko ukipigwa mita moja na nusu.

Waridi_Bondeni: Ni selfi ndio. Lakini rula je mwalimu, nayo yadanganya?

Nesi_Mstaafu: Rula kwenye pua? Mwanangu hata fundi cherehani hutumia tepu.

BintiLikoni: Shoga ngoja, mtu hakosi usingizi kwa programu tu. Kuna nini hujasema?

Waridi_Bondeni: Haya. Nimeshalipa kianzio elfu kumi na tano, nimeitwa Alhamisi. Si kisu, ni sindano ya kujaza tu, baada ya miezi yayeyuka yenyewe. Na wenzangu wengi wamefanya.

Nesi_Mstaafu: Sindano ya kujaza yaongeza, haipunguzi! Na puani ndo pabaya, ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi yaweza kufa, mtu aweza hata kupofuka. Huyo wa kudunga ni daktari ama ni msusi?

BintiLikoni: Na elfu kumi na tano umetoa wapi na juzi ulilia hapa huna ya leso?

Waridi_Bondeni: Za chama. Mimi ndo mweka hazina. Lakini si wizi, zamu inayofuata ni yangu, nimetangulia tu.

Mzee_wa_Kahawa: Laa haula. Marehemu shangazi yangu alitangulia hivo hivo, akahamia Lamu.

Simba_Mkavu: Nyinyi mwahangaika na porojo. Mwezi jana kwenye uzi wa bei za pikipiki huyu huyu Waridi alikuwa baba wa watoto wawili. Nendeni mkasome.

Waridi_Bondeni: Akaunti twatumia na kaka yangu.

Kachri_Moto: na pua pia mwatumia moja? 😂😂

Mama_Kisauni: Kweli ama uongo mimi sijui, ila mweka hazina wetu hapokei simu tangu Jumatatu. Waridi, chama chenu mwakutana siku gani, na kwa nani?