Tupeane uzoefu: Mnaoishi kando ya barabara kuu, mlipataje nafuu ya mwendo kasi na kelele?

Wakuu, habari za usiku. Saa hizi ni saa nane, lori limepita sasa hivi na vikombe kabatini vimelia. Nipo Mlandizi, nyumba yetu imepakana na hifadhi ya barabara ya Morogoro. Malori ya Zambia na Kongo nimeyazoea. Ninayoyaogopa ni magari ya IT, yale yanayotoka bandarini kwenda nje: yanakuja yameongozana matatu manne, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikishaondoka, kibao cha 50 hakitazamwi na mtu. Mwezi jana binti yangu wa darasa la pili alirudi na kiatu kimoja. Kingine kilimvuka akikimbia katikati ya lami. Nilikwenda kukiokota mwenyewe, kimesagika. Tangu siku hiyo silali vizuri. Waliofanikiwa, naomba mseme mlifanyaje.

Mdau, Makambako: Pole sana dada. Sisi tuliomba rasta, vile vituta vyembamba vilivyopangwa mfululizo, tukawekewa. Mwendo ulipungua kweli, ila usiku kucha ni krrrr, krrrr, na tela tupu ndiyo balaa, bodi zima linagonga. Ombeni tuta pana lenye zebra juu yake, pale pale watoto wanapovukia. Rasta zikae mbali, kabla ya makazi kuanza, zimwamshe dereva na siyo ninyi.

Mdau, Mbeya: Kwanza jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa ziko TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sisi barua ya kwanza ilikaa miezi kwenye ofisi isiyohusika. Ya pili tuliigongesha muhuri wa mtaa, tukaambatisha majina na saini za wakazi, na picha za watoto wakivuka asubuhi. Mwalimu mkuu naye akaandika yake. Nina hakika hiyo ya shule ndiyo iliyowaleta kupima. Na tafadhali msijijengee tuta. Kwetu vijana walimwaga kifusi usiku, bodaboda akakivaa gizani, akavunjika mtulinga.

Mdau, Kibaha: Upande wa kelele, nilipanda miarobaini mstari mzima. Vumbi limepungua, sauti ni ile ile. Kilichonisaidia ni ukuta wa tofali uliopita usawa wa madirisha, bila matundu, na watoto kuwahamishia chumba cha nyuma. Bodaboda waliotoboa ekzosi tulikwenda kuzungumza nao kijiweni, mwenyekiti wao akiwepo. Wengi walirudishia.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana, asubuhi naanza na mwenyekiti wetu, kisha shuleni. Mkuu wa Mbeya, barua ya mwalimu mkuu mlimwandikia nani?

Mdau, Mbeya: Meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mkuu wa wilaya na trafiki wa wilaya. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mtoto kwa sasa anavuka na nani?

Mwanzisha uzi: Na mimi. Nimemwomba bosi niwe naingia saa mbili.