Mwajiriwa na mwenye duka, nani anaumizwa na kodi kuliko mwenzake?

mlipa_kimya
Wakuu habari za jioni. Huu ubishi umetushinda kazini naomba mtuamulie. Chukua mtu wa mshahara wa milioni moja kwa mwezi huku Tanzania bara. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua laki, inabaki laki tisa, hapo PAYE, kodi ya mshahara, inaingia: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, mpaka 760,000 asilimia 20, kinachobaki asilimia 25. Jumla 103,000 kila mwezi, na kama alisoma kwa mkopo bodi ya mikopo nao wanabeba asilimia 15 ya mshahara. Anaondoka na kama laki sita na nusu na bado hajanunua sabuni yenye VAT ya 18. Hela yenyewe haishiki, inakatwa juu kwa juu. Halafu kuna jamaa ana duka, ana nyumba mbili, ana gari, ukimgusia kodi anakwambia "mi nshakadiriwa", yaani yupo kwenye kodi ya makadirio. Sasa haki iko wapi? Mwenye nacho apandishiwe asilimia, au wote tukatwe asilimia ileile, iwe 15 mathalani, tumalizane? Uchama tafadhali uacheni nje.

fremu_ya_kona
Mkuu hesabu yako imelalia upande wako. Huyo aliyekadiriwa kwa utaratibu wa 2022 kama mauzo yake yanazidi milioni 11 lakini hayafiki 100 kwa mwaka analipa asilimia 3.5 ya MAUZO, sio faida, shika hapo. Mtu anauza sukari na unga wa jumla, kauza milioni 60, kodi milioni 2 na laki moja. Faida yake ikiwa asilimia 10 maana yake kapata milioni 6, kwa iyo zaidi ya theluthi ya jasho lake imeenda. Jirani yake anauza nguo, mauzo yaleyale ila faida milioni 24, naye analipa hiyohiyo 2.1. We wa milioni moja kwa mwezi kwa mwaka mzima unalipa 1,236,000 tu. Na we ukifukuzwa kazi PAYE inakoma, mimi mauzo yakiwepo bila faida nadaiwa vilevile. Ongezea ile asilimia 10 ya zuio kwenye kodi ya pango, ni mapato ya mwenye fremu lakini mpangaji ndo anatakiwa aikate aipeleke, mwenye fremu naye anakwambia mimi nataka hela yangu kamili hayo mengine utajua mwenyewe. Unafikiri Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaja Mnazi Mmoja kwa raha zao?

mkongwe_ilala
Wanangu, sisi tumeiona kodi ya kichwa, ile waliyokuja kuifuta 2003. Mkulima wa jembe la mkono na mwenye mashine ya kusaga wanadaiwa karibu sawa, mgambo wakionekana njiani wanaume wanalala porini. Mi bado mjamaa na sioni aibu, kodi imuumize aliye nacho. Kinachonikera kwenye PAYE ya sasa ni kwamba ngazi zimeishia chini mno, asilimia 30 inaanza ukivuka milioni moja, basi, hakuna tena ngazi. Daktari kijana wa milioni na nusu na bosi wa milioni arobaini wote wako ngazi ya juu. Wakenya mwaka 2023 waliongeza ngazi mbili, 32.5 kwa wanaopita shilingi zao laki tano kwa mwezi na 35 kwa wanaopita laki nane. Kwetu nani atathubutu?

soko_huria
Mzee shikamoo, ila Wakenya haohao mwaka uliofuata walitaka kuweka VAT kwenye mkate, vijana wakaandamana wakavamia bunge tarehe 25 Juni na kesho yake Ruto akakataa kuusaini ule muswada wa fedha. Serikali ikishazoea kupandisha haijui pa kusimama. Halafu asilimia ileile kwa wote sio kodi ya kichwa, wa milioni kumi atalipa milioni na nusu na wa laki tano atalipa elfu sabini na kitu, mwenye nacho si ndo kalipa zaidi? Viwango vikiwa vidogo na rahisi hata machinga ataingia mwenyewe, saa hizi mtu anaogopa kukua maana akikua anaandamwa.

mlipa_kimya
@soko_huria ngoja kidogo, wa laki tano leo akishatoa NSSF anabaki na 450,000, PAYE yake ni 14,400. Kwa asilimia 15 yako inakuwa 67,500. Hiyo tofauti si unga wa mwezi wa nyumba nzima? Hapo hata mimi niliyeitaja nimeanza kuiogopa.

soko_huria
Unaacha kiwango cha chini kisichoguswa kama ilivyo sasa, mbona rahisi. 270,000 ibaki bure juu yake ndo 15, huyo wako analipa 27,000.

mkongwe_ilala
Marahaba. Bado umemzidishia karibu mara mbili mnyonge, na yule wa milioni arobaini umempunguzia nusu. Pengo nani atalijaza?

mama_vitenge
Nyie mnagombea PAYE utadhani nchi nzima ina mshahara. Mimi nimepanga Tandika, kila mwezi nikinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, ilianza buku 2021 ikapanda 2023. Jengo la nani? La baba mwenye nyumba! Kodi ya pango nampa, kodi ya nyumba yake namlipia, na akitaka kupandisha anapandisha tu. Kuna aliyewahi kurudishiwa hiyo hela au kupunguziwa kwenye pango? Nauliza serious, nataka nimfuate wangu wiki hii.

fremu_ya_kona
@mama_vitenge mi wangu nilimwandikia kwenye mkataba mpya, LUKU ya jengo inatoka kwenye pango. Alinuna akasaini. Tunza risiti za LUKU zote uende nazo, bila risiti atakuruka.