USHAURI: Chuo kinataka nisaini fomu ya kukabidhi kikaushio changu cha embe

Mhadhiri_Kimya: Wakuu, niko chuo cha umma hapa Kenya. Nimeunda kikaushio cha sola. Kihisi unyevu ndicho kinachoamua feni izunguke kasi gani. Kazi nilifanya jioni na wikendi. Ofisi ya ubunifu imeniletea fomu ya kukabidhi haki. Nisaini?

Wakili_Kibao: Jioni si hoja. Soma kifungu cha 32, Sheria ya Miliki ya Viwanda ya 2001. Mkataba usiposema vingine, uvumbuzi uliotokana na kazi uliyoajiriwa ni wa mwajiri. Hata kama hukuajiriwa kuvumbua, ukitumia vifaa au data zake, ni wake pia, ila hapo una haki ya kudai malipo stahiki. Ulichomelea wapi?

Mhadhiri_Kimya: Karakana ya idara. Lakini mabati nilinunua mwenyewe.

BintiPwani: Umeme wa chuo, mashine ya chuo, halafu risiti ya mabati 😂

Mzee_Chaki: Wasomi mmegeuka wachuuzi. Mkulima wa Makueni anawasubiri, ninyi mnagombania fomu.

Hataza254: Mzee, mahubiri baadaye. Mhadhiri, umeshakionyesha hadharani?

Mhadhiri_Kimya: Kongamano tu, miezi 10 iliyopita. Slaidi ziko mtandaoni.

Hataza254: Basi kimbia KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Ukiufichua uvumbuzi mwenyewe, sheria ya Kenya inakupa miezi 12 uwe umewasilisha ombi la hataza (patent). Ulaya hakuna huruma hiyo, kule sahau. Ubunifu ukiwa mdogo, omba cheti cha modeli ya matumizi: kinalinda miaka 10 badala ya 20 ya hataza, lakini hakidai hatua ya uvumbuzi, yaani kitu kisicho dhahiri kwa fundi wa fani hiyo. Programu ya feni nani aliandika?

Mhadhiri_Kimya: Kijana wangu wa uzamili. Wazo ni langu, na nauli nilimlipa.

Wakili_Kibao: Hilo ndilo ungeanza nalo! Mwanafunzi si mwajiriwa, na programu inalindwa na hakimiliki, si hataza, kwa hiyo kifungu cha 32 si hoja hapa. Kama hukumwagiza aiandike kama kazi ya kuagizwa (hapo Sheria ya Hakimiliki huihesabu haki imehamia kwa aliyeagiza), hajasaini kitu, wala kanuni za chuo alizokubali hazisemi vingine, programu ni yake. Nauli hainunui hakimiliki.

BintiPwani: Subirini. Karakana, slaidi, mwanafunzi... silabasi nzima imo humu. Huyu ana mtihani Jumatatu.

Mzee_Chaki: Nilihisi! Atulipe ada ya kumfundisha sasa.

Mhadhiri_Kimya: Si mtihani. Kampuni ya mke wangu imeshapokea malipo ya awali kutoka kwa mnunuzi, siwezi kurudi nyuma.

Wakili_Kibao: Malipo ya mashine au ya haki? Kama ni haki, mmeuza msichokuwa nacho. Fomu ya chuo usiisaini bila mgawo wa mapato unaosema kama ni kabla au baada ya kukata gharama za usajili, na kipengele cha haki kukurudia chuo kisipowasilisha ombi. Bandika hapa mkataba wa mnunuzi, futa majina.

BintiPwani: Saa tatu zimepita, kimya. Anasahihisha majibu.