Mnaosambaza uongo kuhusu Pink Floyd mmenichosha, leo naongea

Wakuu salamu baadaye, niende moja kwa moja. Hivi huu ugonjwa wa kukopi na kupesti stori za Pink Floyd, ile bendi ya roki ya Uingereza, bila hata kujiuliza umetoka wapi? Kila ukiamka kuna peji imeleta "mambo usiyoyajua", yote ni yaleyale na nusu ni uongo, watu wanalaiki wanashea, ukienda kwenye komenti kurekebisha kwa upole kabisa unaambiwa mzee tulia unajifanya mjuaji.

Eti Pink Floyd ni mtu. Mpaka leo! Na simu zenu za bei mbaya. Hakuna mtu anaitwa hivyo jamani. Syd Barrett, mmoja wa waanzilishi wa bendi, alichukua majina ya wanamuziki wawili wa blues wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council, akayaunganisha, basi. Watu weusi wa huko Carolina, bendi ya wazungu wa Uingereza ikajaza viwanja kwa majina yao, hapo mbona ndo kwenye stori lakini hakuna anayeiposti. Mnachoposti ni ile ya kwamba albamu yao ya The Dark Side of the Moon ilitengenezwa makusudi iendane na sinema ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Alan Parsons, fundi mitambo wa ile albamu pale studio ya Abbey Road, London, kakana. Nick Mason mpiga drams kakana. Studio yenyewe hawakuwa na namna ya kuchezesha video huku wanarekodi. Ila nyie mna uhakika kuliko waliokuwepo.

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi ni kipindi kimoja cha redio, jina sitaji. Kwizi ya muziki, swali ni nani kaimba Have a Cigar, wimbo wa Pink Floyd. Jamaa kapiga simu kajibu Roy Harper. Mtangazaji akacheka, "hapana kaka, ni David Gilmour", yaani mpiga gitaa wa bendi, simu ikakatwa, zawadi ikaenda kwa mwingine. Nilipiga meza. Roy Harper NDIYE, mwimbaji wa nje ya bendi! Mwaka 1975 alikuwa hapohapo Abbey Road anarekodi albamu yake, Roger Waters, mpiga besi na mwimbaji wa bendi, sauti imechoka, Gilmour hataki kuyaimba yale maneno, wakamwita jirani aje awasaidie. Na wimbo wenyewe unamkejeli bosi wa kampuni ya rekodi anayejifanya anaipenda bendi kumbe hajui lolote, anawauliza kati yenu Pink ni yupi. Yaani mtangazaji kageuka yule bosi wa kwenye wimbo, laivu hewani, na wala hajui.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba uongo wenu unaenda upande mmoja tu, kazi ya mtu mdogo inahamishiwa kwa mkubwa. Mtu kaandika ile sauti ya kwenye The Great Gig in the Sky, wimbo wa kwenye The Dark Side of the Moon, ni ya "dada wa kwenye bendi". Dada gani? Bendi ilikuwa wanaume wanne! Yule ni Clare Torry, aliitwa kwa kazi ya siku moja tu, Jumapili, Januari 1973, hakuna maneno ya kuimba, muziki ukawekwa akaanza kutoa kile kilichomo rohoni, akamaliza akaondoka akidhani hawataitumia. Pauni 30. Kama deiwaka. Albamu ikaenda kukaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani zaidi ya wiki 900 na yeye kalipwa pauni 30. Mwaka 2004 akaenda mahakamani, 2005 wakamalizana nje ya mahakama, ndo jina lake likaanza kuandikwa kama mtunzi pembeni ya Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi. Miaka thelathini na kitu kasubiri hilo jina liandikwe halafu nyie mnalifuta kwa posti moja.

Wale watoto wanaoimba kwenye Another Brick in the Wall nao mnasema ni "kwaya maarufu ya London". Kwaya wapi, ni wanafunzi wa Islington Green, shule tu ya mtaani karibu na studio ya bendi yenyewe, watoto 23, mwalimu wao wa muziki akawapeleka wakaimba mwaka 1979, wimbo ukawa namba moja Uingereza wakati wa Krismasi. Shule ikapewa pauni 1,000, watoto mirabaha sifuri, wamekuja kuanza kuidai wakiwa watu wazima. Na wimbo huohuo mwaka 1980 wanafunzi wa Afrika Kusini waliogoma kwa sababu ya elimu ya kibaguzi wakaufanya wao, serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Hii ipo hapahapa barani kwetu, ya kweli, haihitaji chumvi, lakini peji zetu ziko bize na Wizard of Oz.

Mkitaka vituko si mchukue vya kweli basi. Richard Wright alifukuzwa kwenye bendi wakati wa kurekodi albamu ya The Wall, kwenye shoo za 1980 na 1981 akapiga kinanda kama mwajiriwa wa mshahara, shoo zikala hela vibaya sana, wenye bendi wakabeba hasara, aliyefukuzwa ndo pekee aliyetoka na faida! Au chukueni The Damned, bendi ya mapanki, kipindi ambacho panki na Pink Floyd haviivi chungu kimoja, 1977 walimtaka Syd Barrett awe prodyuza wao, wakaishia kupewa Nick Mason. Mwimbaji Kate Bush je? Gilmour ndo alisikia kanda zake akiwa bado binti wa shule akatoa hela yake arekodi vizuri. Yote hayo yapo, mnayaruka.

Mwisho nyie wa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Ndiyo, kazaliwa Zanzibar 1946, tunajivunia sote, ila HAKUWA PINK FLOYD. Nimeona kabisa picha yake na chini mtu kaweka maneno ya The Wall, komenti zimejaa bendera za Tanzania. Mkilazimisha kuwaunganisha basi njia ipo, tamasha la hisani la Live Aid pale Wembley, London, 13 Julai 1985, siku ile Freddie kaua kila mtu, Gilmour naye alipanda jukwaa hilohilo akimpigia gitaa mwimbaji Bryan Ferry.

Mwenye ubishi aje na kava la albamu mkononi, skrinishoti za peji sitaki. Na mods nawaomba, msije mkauunganisha huu uzi na ule wa Queen.