Naomba ushauri: mwongozo wa programu haufunguki, kila saa 403 (kosa la kukatazwa kuingia)

Assalaam alaykum wanakundi, poleni na majukumu. Mie nipo Wete, nimeandika mwongozo wa kiprogramu chetu cha skuli kwa Sphinx (programu ya kutengenezea miongozo), kwenye laptopu unajengeka vizuri tu hauna tabu, nikaupandisha kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) kwenye seva ya Ubuntu yenye nginx (programu inayotoa kurasa kwa brauza), basi kila nikifungua kwenye brauza nakutana na 403. Logi yenyewe inasema "13: Permission denied" halafu inataja index.html, na faili lipo naliona kwa macho yangu.

Mafaili nshayapa ruhusa 644 (kila mtu asome), mafolda 755 (kila mtu asome na apite), nikayafanya ya www-data (mtumiaji ambae nginx inafanya kazi kwa jina lake), nikaiwasha nginx upya, bado. Jana rafiki yangu akanambia piga 777 (ruhusa zote kwa kila mtu) mwongozo wote umalize kazi, nikapiga kweli (najua, msinicheke) wala haikusaidia kitu, nshairudisha kama ilivokuwa.

Kinachonitia shaka ni kimoja, mwongozo nimeuweka ndani ya folda yangu ya /home, na nikiangalia hiyo folda ya juu kwa ls -ld inaonesha drwxr-x---, yaani wengine hawana hata ile x ya kupitia.

Suali langu, hiyo ndo inayomzuia nginx hata kama mafaili ya ndani yako sawa? Na bora niifungue hiyo x au niuhamishe wote /var/www (folda ya kawaida ya kuwekea tovuti)? Naogopa nisije nikafungua mlango wa nyumba nzima kwa ajili ya mgeni mmoja. Ahsanteni.